Mguu Uliotulia

“Mashine yako imezimika,” mwalimu wa udereva alimwambia daktari wa macho, kidevu chake kikiwa bado kimeegemea kibao cha plastiki na jicho la kulia limefunikwa kitambaa. “Mwanzo ilikuwa inawaka vizuri. Sasa naona giza tu.”

Daktari, binti wa rika la kitinda mimba wake, alikiondoa kile kitambaa, akavuta kiti, akaketi karibu naye kuliko daktari anavyoketi akiwa na habari njema.

“Mashine ni nzima, baba,” alisema.

Kipimo chenyewe kilikuwa kama mchezo wa watoto. Unatazama mbele, vinuru vinamulika huku na huku, na kila ukiona kimoja unabonyeza kitufe. Kwa jicho la kulia alibonyeza kwa bidii ya mtu anayetaka kuongoza darasa. Kwa la kushoto kidole kilikaa juu ya kitufe kikisubiri kazi mpaka kikafa ganzi. Ni presha ya macho, daktari alimweleza. Haiumi wala haiwashi. Inaiba polepole, ikianzia pembeni, na ubongo unaliziba pengo kwa kubahatisha, kwa hiyo mwenyewe hajui kwamba ameibiwa. Jicho la kushoto lilikuwa limekwenda karibu lote na la kulia lilikuwa limeanza. Kilichokwenda hakirudi. Kilichobaki kingeweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku ya Mungu.

“Unaendesha gari?”

“Hapana.”

“Unafanya kazi gani?”

“Ualimu.”

Daktari akashusha pumzi. “Afadhali. Darasani utaendelea. Lakini barabarani, baba, nakuomba sana. Mtu akitokea kushoto kwako, hutamwona mpaka uwe umeshamgonga.”

Tuseme haki: hakusema uongo. Alisema ukweli uliokatwa mkia. Ni kweli hakuwa akiendesha. Alikuwa akikaa kiti cha kushoto kutwa nzima, na wanaojifunza ndio waliokuwa wakiendesha. Aliitia chupa ya matone mfukoni, akashukuru, akaondoka, na alipokuwa akitoka akajigonga bega kwenye fremu ya mlango. Mzee wa watu aliuomba mlango radhi.

Wanafunzi walimwita Mwalimu Breki, na jina lilikuwa limemkaa. Magari ya chuo cha udereva yana breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya mwalimu. Mwalimu hana usukani, hana gia, hana hata honi ya kujitetea. Ana kile kipande cha chuma chini ya mguu wake, basi. Kwa miaka mingi jambo hilo lilimtia wazimu. Alikuwa mtu wa kupiga kelele mpaka wapita njia wanasimama kutazama nani anachinjwa. “Klachi! Klachi, mama, klachi! Hiyo ni redio!” Mwanafunzi mmoja aliwahi kushuka garini katikati ya mzunguko, akafunga mlango taratibu kama mtu anayetoka kanisani, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Kelele zikamletea presha ya damu, na presha ya damu ikamletea kitabu. Mkewe alikuwa mkutubi wa maktaba ya mji, na siku moja alirudi na kitabu kilichokuwa kinatupwa: jalada limeng'oka, kurasa za mwanzo hazipo, hata jina la mwandishi limekwenda na maji.

“Soma hiki kabla hujanifia,” alimwambia. “Ni habari za wanafalsafa wa kale sana. Walikuwa wanafundishana barazani, hata jina lao limetokana na baraza.”

Akakisoma kwa kulazimishwa, halafu kwa udadisi, halafu kwa pupa. Wazee wa barazani, kama alivyozoea kuwaita, walikuwa na neno moja kubwa. Duniani kuna yaliyo mikononi mwako na kuna yasiyo mikononi mwako. Ukiyachanganya utalia maisha yako yote, na ukiyatenganisha utalala usingizi. Mwalimu alikifunga kitabu, akatazama dari, akacheka peke yake. Kumbe wale wazee walikuwa wanazungumzia gari lake! Usukani si wake. Breki ni yake. Miaka yote hiyo alikuwa akiugombea usukani kwa mdomo.

Tangu hapo akabadilika, na watu hawakuamini. Gari likizimika kwenye mwinuko na foleni nzima nyuma ikipiga honi, yeye anamwambia mwanafunzi, “Honi ni zao. Klachi ni yako. Tuanze upya.” Mvua, foleni, jirani mwenye jenereta, vyote aliviweka upande wa yasiyo mikononi mwake, akanywa chai yake. Presha ya damu ikashuka. Mama mkwe wake, aliyekuwa akiishi nao, hakufurahia hata kidogo. “Mume wako siku hizi amekuwa nguzo ya umeme,” alimwambia binti yake. “Nilimzoea akibweka. Nilikuwa najua yuko wapi.”

Kulikuwa na zoezi moja la wazee wa barazani alilolipenda kupita kiasi. Wanasema kila unachokipenda ujikumbushe kwamba umeazimwa, ili ukipende vizuri leo na usipasuke moyo kikiondoka kesho. Ni zoezi la kufanywa kimyakimya. Yeye alilifanya kwa sauti, mezani, asubuhi, mkate ukiwa mdomoni.

“Mke wangu, leo huenda nikakupoteza.”

“Utanipoteza kweli ukiendelea hivyo. Nipe sukari.”

Lakini mkewe alikuwa anacheka. Alikuwa amempata mume mpya ndani ya ngozi ya yule wa zamani, na hakuwa na shida naye.

Sasa hapo ndipo shetani alipojipenyeza. Maana mtu akishapata dawa nzuri, huanza kuipaka hata pasipo na kidonda. Alipotoka kwa daktari, alisimama kando ya barabara akayagawa mambo kama alivyozoea. Macho si mikononi mwangu: ni maradhi, yamekuja yenyewe. Kazi iko mikononi mwangu: nitaifanya vizuri kuliko jana. Kulia hakutasaidia. Kumwambia mke wangu kutamtia hofu, na hofu yake haiponyi jicho. Basi. Akajiona ameshinda mtihani mkubwa, hata akatembea kwa kujidai kidogo, akimpita kila mtu aliyekuwa kushoto kwake bila kumwona.

Matone aliyaficha kwenye kiatu cha zamani na kuyatia machoni akiwa bafuni. Vikombe vilivyokuwa kushoto mwa meza vikaanza kuanguka. “Kikombe ni kitu cha kuvunjika,” alikuwa akisema huku akiokota vigae, “ndiyo asili yake.” Mkewe alikuwa akimtazama tu. Mama mkwe alikuwa akisema mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini bibi huyo alikuwa akisema methali kuhusu kila kitu, hata kuhusu sabuni, kwa hiyo hakuna aliyemsikiliza.

Na usimwone mjinga. Alikuwa anaogopa. Kazi ile ndiyo aliyoijua, na ndani ya gari lile ndimo alimokuwa mtu. Alipenda dakika ile mwanafunzi anapoacha kupigana na klachi na gari linateleza lenyewe, naye anageuka na uso wa mtoto aliyeachiwa baiskeli. Alikuwa amewaona wengi na uso ule, akina mama wazima, wazee, vijana wenye majivuno, na hakuwahi kuuchoka. Kila alipofikiria kwamba hatauona tena, alikimbilia kitabuni, akasoma ukurasa wowote, akatulia. Mwenyewe alikuita kutulia.

Muhula ule alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyempenda kuliko wote, mkunga wa makamo, mnene, mwenye mikono mizito na sauti ndogo. Zahanati aliyopangiwa ilikuwa mbali na mji, na ilikuwa na gari lisilo na dereva. Wajawazito walikuwa wakipelekwa hospitali kwa kuombaomba usafiri. Akipata leseni, gari ni lake. Mtihani ulikuwa umebakiza siku chache, na mwenye chuo alikuwa na sheria yake isiyopinda: mwanafunzi akigonga chochote, hata pipa la taka, anarudi mwanzo kabisa, na kuipata tena tarehe ya mtihani ni kusubiri miezi.

Asubuhi moja walikuwa wanapita mtaa wa maduka, mwendo wa kobe. Mkunga alikuwa akiendesha vizuri. Mwalimu alikuwa ametulia, mikono mapajani, akimsimulia habari za wazee wa barazani.

“Kwa hiyo hawakuwa wanaogopa kitu?” mkunga aliuliza.

“Walikuwa wanaogopa kitu kimoja tu: kufanya ubaya. Mengine yote, wanasema, ni hali ya hewa.”

Alikuwa bado analifurahia jibu lake gari lilipogonga kitu. Haukuwa mshindo mkubwa. Kilisikika chuma, kikasikika kilio kifupi, na mikate ikaanza kumiminika juu ya boneti, mkate baada ya mkate, kama inanyesha. Mwalimu alikanyaga breki, gari likasita na kuzimika.

Alikuwa muuza mikate, mwenye baiskeli na kreti nyuma. Alikuwa ametoka kwenye kichochoro cha kushoto, tena bila haraka, akipiga kengele. Sasa alikuwa ameketi chini, kiwiko kinachuruzika damu, akilitazama gurudumu lake lililopinda. Mkunga alikuwa ameshashuka kabla mwalimu hajafungua mkanda. Alimpapasa yule mtu bega, mkono, mbavu, akamwambia apumue, akamkunja na kumkunjua kiwiko. “Hajavunjika,” alisema. “Ameumia ngozi. Mungu mkubwa.” Halafu akaketi pembeni mwa barabara, katikati ya mikate, akaanza kulia.

Mwalimu alimwinamia. Maneno ya faraja alikuwa nayo tele, kitabu kizima.

“Si kosa lako, dada yangu. Ametokea ghafla. Hukumwona.”

“Nilimwona,” mkunga alisema.

“Ulimwona?”

“Nilimwona tangu yuko kichochoroni, Mwalimu. Hata kengele niliisikia. Nikautazama mguu wako.” Alijifuta pua kwa kiganja. “Sisi wote tunautazama mguu wako. Ukiwa unainuka, tunajua kuna hatari. Ukiwa umetulia, tunajua pana nafasi, tunapita. Wanafunzi wanaambizana, ndiyo siri ya kufaulu kwenye gari lako. Na leo mguu wako ulikuwa umetulia kabisa. Nikasema moyoni, kama Mwalimu ametulia, basi mimi nimekosea kuona.”

Mwalimu aliutazama mguu wake.

“Nisamehe,” mkunga alisema. “Nimekuharibia jina lako. Wewe ulikuwa umetulia, mimi ndiye sikujua kupima.”

Waliosimama kutazama walikuwa wakimsifu mzee yule asiyebabaika. Ni kweli, kwa nje alikuwa ametulia. Ndani yake kitu kilikuwa kimeanguka, na hakikuwa kikombe. Kengele imelia, mtu amekuja mzima na baiskeli yake, na mguu wake umelala kwa raha zake. Utulivu na upofu, mtu akivitazama kutoka kiti cha pili, ni kitu kimoja. Mwanamke mwenye macho mazuri alikuwa ameona sawasawa, halafu akayakana macho yake kwa kumwamini kipofu. Na kipofu alikuwa anamfundisha hekima! Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Walimwokotea muuza mikate mikate yake na kumpeleka zahanati ya karibu akafungwe kiwiko. Mwalimu alimwahidi kwamba gurudumu litatengenezwa na mikate italipwa. Halafu akaliacha gari palepale kwenye uwanja wa zahanati, akamwomba mkunga abaki na majeruhi, naye akaenda maktaba kwa miguu.

Mkewe alikuwa akipanga vitabu kwenye rafu za nyuma. Alimwona akija, akaona uso wake, akashuka kwenye kingazi.

“Nani amekufa?” alinong'ona, maana kule ni kunong'ona tu.

“Hakuna. Nimemgonga mtu. Mzima. Mama watoto, mimi sioni.”

Akamwambia yote, akiwa amesimama kati ya rafu mbili kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Mashine iliyozimika, matone ndani ya kiatu, fremu ya mlango, mguu. Ugomvi wao mkubwa kuliko yote katika ndoa yao ulifanyika kwa kunong'ona, chini ya kibao kilichoandikwa KIMYA TAFADHALI. Watu waliokuwa wakisoma magazeti hawakujua chochote.

“Vikombe nilivihesabu,” mkewe alisema. “Chupa niliiona kwenye kiatu. Nilisoma maelezo yake. Nilisema nisubiri, ataniambia mwenyewe. Leo ataniambia. Kesho ataniambia.”

“Sikutaka kukutia hofu.”

“Hofu ninayo! Ninayo tele, nimekuwa nayo peke yangu!” Mnong'ono wake ulikuwa umepasuka katikati. Alitazama huku na huku, akaushusha. “Kila asubuhi unaniambia huenda ukanipoteza. Unanifundisha mezani nijiandae. Kumbe wewe ndiye ulikuwa unaondoka, na hukuniaga.”

Hapo mzee alilia. Hakulia kama wazee wa barazani wanavyoruhusu, kama wanaruhusu. Alilia kwa kwikwi, mkono mdomoni, paji la uso limeegemea migongo ya vitabu, na mkewe akamwacha alie kidogo kwa sababu alikuwa amemkasirikia kweli. Halafu akamshika shingo kwa nyuma.

“Kile kitabu nilikuletea mimi,” alisema. “Nilikisoma kabla yako, usifikiri ulikuwa peke yako barazani. Hakikusema jifanye huumwi. Kilisema jua kipi ni chako. Jicho si lako, sawa. Ulimi je?”

“Ulimi ni wangu.”

“Basi utumie. Kuna mtu gani anangoja uutumie?”

Alikuwapo. Mkunga angerudishwa mwanzo kabisa. Jioni hiyo mwenye chuo angesikia habari, angefungua kabati, angelitoa jina lake kwenye orodha ya mtihani, na huko mbali gari lingeendelea kulala chini ya turubai na wajawazito wangeendelea kuomba usafiri. Mwalimu angeweza kunyamaza tu. Mkunga mwenyewe alikuwa ameshakiri kosa, watu walikuwa wameshamsifu yeye, na ajali ya baiskeli ni ajali ya baiskeli. Angepewa mwanafunzi mwingine kesho yake. Angejihadhari na wa upande wa kushoto kwa kugeuza shingo zaidi. Aliyafikiria hayo yote, tusimfanye malaika. Aliyafikiria kuanzia rafu za nyuma mpaka mlango wa mbele.

“Nitakwenda sasa hivi,” alisema. “Nikingoja kesho nitapata sababu.”

“Ngoja nichukue mkoba,” mkewe alisema.

Mwenye chuo alikuwa mwanamke mkavu, mwenye miwani juu ya kichwa na karanga kwenye droo, aliyekuwa ameanza na gari moja bovu na hakupenda kusikia upuuzi. Alikuwa ameshapata habari. Jina la mkunga alikuwa ameshalipiga mstari.

“Pole, Mwalimu Breki,” alisema. “Huyu mama nilimwona tangu mwanzo, mzito. Atarudi mwanzo, atajifunza. Kaa, ule karanga.”

“Hana kosa,” mwalimu alisema. Hakukaa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni. “Yeye alimwona yule mtu. Mimi ndiye sikumwona. Jicho langu la kushoto limekufa, na la kulia limeanza. Daktari aliniambia niache barabara, nikamficha kazi yangu, na nikakuficha wewe. Huyu mama alikuwa anautegemea mguu wangu, na mguu wangu hauoni. Naomba umrudishe kwenye mtihani.”

Mwenye chuo aliiteremsha miwani, akamtazama, akamsogezea kidole upande wa kushoto wa uso wake, taratibu, mpaka karibu na sikio. Mwalimu hakupepesa.

“Umejua lini?”

Akamwambia.

“Na tangu siku hiyo umekuwa ukiwabeba watoto wa watu humo ndani?” Sauti yake haikupanda, na hiyo ndiyo iliyotisha. “Watoto wa watu, mama za watu, wewe ukiwahubiria? Nilikuwa nakutaja kwa wazazi! Nawaambia, mwacheni kwa Mwalimu Breki, yule ana macho mgongoni!”

Alikuwa na majibu. Zamani angepiga kelele, na siku hizi angesema hasira yako ni yako. Hakusema hata moja kati ya hayo. Hasira ile ilikuwa ya haki na alistahili kuisikiliza mpaka mwisho, kwa hiyo aliisikiliza mpaka mwisho. Ilikuwa ndefu. Ilipokwisha, mwenye chuo alinyoosha kiganja, naye akauweka ufunguo wa gari hapo, akamwambia gari liko zahanati gani na kwamba taa ya mbele ina mchubuko.

“Na yule mama?”

“Yule mama atafanya mtihani siku ileile,” mwenye chuo alisema, akiandika jina upya kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa karatasi. “Nitampima mimi mwenyewe kabla. Nitamwambia atazame barabara, asitazame miguu ya watu.” Akairudisha kalamu mezani. “Haya nenda. Nikipoa nitakuita. Sijui nitakuitia nini, lakini nitakuita.”

Huko nje walimkuta mkunga ameletwa na pikipiki, anasubiri hukumu yake kwenye benchi. Mwalimu alimweleza kwa maneno machache. Alitegemea hasira ya pili na alikuwa tayari kuipokea. Mkunga akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

“Kwa hiyo niliona sawa,” alisema.

“Uliona sawa kabisa.”

“Niliona sawa!” Akasimama, na uso wake ukafunguka, uso uleule wa mtu ambaye gari limemtii. Kisha akakumbuka aliyesimama mbele yake, akaona haya. “Pole, Mwalimu. Pole sana.”

“Usinionee huruma, furahi,” mwalimu alisema. “Nilikuwa nadhani sitauona tena uso huo.”

Wakaagana. Yeye na mkewe wakashika njia ya kurudi nyumbani, jua likiwa limeanza kulegea na watu wakitoka makazini. Hakuwa na ufunguo mfukoni, na mfuko ulikuwa mwepesi kwa namna iliyomuuma. Kesho hakujua ataamkia wapi. Atakaa wapi asubuhi, mikono ataiweka wapi, atamfundisha nani nini? Alijaribu kuliita neno la wazee wa barazani, na neno halikuja. Lilikuja wazo moja dogo tu: kwamba alikuwa ameogopa siku hii kwa muda mrefu, na siku yenyewe imefika, na yeye bado anatembea. Miguu inauma kama kawaida. Anasikia njaa. Alishangaa kuona kwamba kifua hakikumbana.

Mkewe alikuwa akitembea kulia kwake, kama ilivyokuwa desturi yao tangu uchumba. Walipofika penye watu wengi akamwachia mkono, akapunguza mwendo, akapita nyuma yake. Mwalimu alitazama kulia na hakumwona. Alitazama mbele na hakumwona. Moyo ukamruka, akasimama katikati ya njia, watu wakimpita kama maji yanavyolipita jiwe.

“Mke wangu, uko wapi? Sikuoni.”

Mkono ukapita kwapani mwake, upande wa kushoto, ukashika kwa nguvu.

“Najua,” mkewe alisema. “Ndiyo maana nimehamia huku.”